Pumzi huhesabiwa, hazikisiwi

Fungua chati za wodini uangalie safu ya pumzi kwa dakika: 18, 20, 18, 20, mgonjwa kwa mgonjwa, zamu kwa zamu. Binadamu hawapumui hivyo. Namba hizo zimekisiwa, na mgonjwa anayezidiwa hupotelea hapo hapo.

Chukua NEWS2, mfumo wa alama wa kumtambua mgonjwa anayezidiwa, uliotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2017. Pumzi, oksijeni ya damu, presha (namba ya juu), mapigo, fahamu na joto, kila kimoja hupata alama hadi 3. Anayepewa oksijeni huongezewa 2. Jumla ikifika 5, daktari aje haraka. Ikifika 7, ni dharura.

Sasa tuseme mgonjwa ana pumzi 26 (alama 3), oksijeni asilimia 94 (1), presha 108 (1), mapigo 112 (2), joto 38.4 (1), fahamu timamu. Jumla 8. Ukiandika pumzi 20, zinapata sifuri na jumla inashuka hadi 5. Mgonjwa ni yule yule, ila timu ya dharura haitaitwa.

Pumzi huongezeka mapema, mwili unapopambana na asidi au upungufu wa oksijeni. Presha, hasa ya kijana, inaweza kubaki nzuri kwa saa kadhaa kisha ikaanguka ghafla.

Ukimaliza kupima mapigo, usiuachie mkono wa mgonjwa. Akijua unahesabu pumzi, atabadilisha anavyopumua. Tazama kifua kwa sekunde 60 kamili. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa 4, na tofauti ya 20 na 24 ni alama 2.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kina mitego: rangi ya kucha, vidole baridi, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo asilimia 96 isikutulize ikiwa kifua kinahangaika.

Ndugu wakisema "leo haongei kama kawaida yake", wasikilize. Kuchanganyikiwa kupya peke yake ni alama 3: rudia vipimo kila saa, mwite daktari, mtajie namba zote, na uandike saa uliyompigia.

Wajawazito na walio chini ya miaka 16 hawapimwi kwa NEWS2.