Damu ya siku ya kumi na mbili

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii limenikaa moyoni suala la mabinti zetu wa Ulaya wanaotafuta elimu ya dini usiku, simu mkononi. Kiu hiyo ni neema, alhamdulillah. Taabu huanza pale binti wa Kisomali au wa Kizanzibari, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii, anapochukua jibu moja kwa ustadha wa Kihanafi wa Birmingham na jingine kwa shekhe wa Kimaliki wa Brussels, akayaunga.

Chukua hedhi. Ada ya binti huyo, yaani siku alizozoea kila mwezi, ni siku 6, mwezi huu damu imefika siku ya 12. Kwa Shafii hiyo bado ni hedhi, kwani ukomo ni siku 15, haswali. Kwa Hanafi ukomo ni siku 10. Damu ikivuka hapo anarudi kwenye ada yake: tangu siku ya 7 ilikuwa istihadha, damu isiyo ya hedhi na isiyozuia swala, basi anaoga, anaswali, na zile swala alizoziacha anazilipa. Kwa Maliki huongeza siku 3 juu ya ada, hivyo siku ya 10 ameshatoharika. Zote ni kauli za maimamu wa madhehebu. Lakini Ramadhani akifunga siku hiyo ya 12 kwa kauli ya Hanafi, na swala akaiacha kwa kauli ya Shafii, hana imamu hata mmoja wa kumsimamia.

Ukhti, katika mlango huu shika madhehebu moja na mwalimu mmoja. Kabla ya kumuuliza andika tarehe na saa damu ilipoanza, rangi yake, ada ya mwezi uliopita, na kama unatumia kitanzi, kijiti au vidonge vya kuzuia mimba. Hilo la mwisho wengi hulionea haya, kumbe mara nyingi ndilo linaloleta matone yasiyokwisha. Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) mwenyewe kwa jambo hili hili, akaambiwa hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari, wenyeji wa Madina, kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Nanyi wazee wa kamati za misikiti! Wanawake walipomlalamikia Mtume kuwa wanaume wamewazidi kwa kukaa naye, aliwatengea siku ya kuwafundisha. Imo katika Bukhari. Nyinyi mmewatengea chumba chini ya ngazi na spika inayokoroma, kisha mnawalaumu kwa kusikiliza kila anayezungumza mtandaoni. Tafuteni ustadha aliyesoma fiqhi ya wanawake, mlipeni kama mnavyomlipa imamu, mpeni muda wa saa 2 kila wiki. Na kikao kiwe cha wanawake watupu, maana swali la rangi ya damu haliulizwi mbele ya baba wa mtu.