Nilivyolimudu Somo la Saikolojia ya Jamii bila Kukariri Fasili

Ushauri niliopewa na waliotutangulia ulitolewa kwa uhakika wa ajabu: kariri fasili, kariri majina, kariri miaka, mengine yote ni akili ya kawaida. Sijapata kusikia ushauri mbaya kuliko huo kuhusu somo hili, na kwa kuwa bado unarithishwa kila mwaka kama mali ya ukoo, naona niandike jinsi nilivyofaulu kwa kuupuuza.

Ubaya wake umo katika hayo maneno "akili ya kawaida". Saikolojia ya jamii huchunguza jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine, wawe mbele yake au wawe mawazoni mwake tu. Kwa kuwa sote tumeishi na watu, kila matokeo tunayoyasoma tunayaona kama tuliyajua zamani. Ukiambiwa kwamba watu wakiungana hufanya kazi vizuri zaidi, utaitikia kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiambiwa kinyume chake, utaitikia vilevile kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Msomaji wa namna hiyo hufunga kitabu akiwa ameridhika, na siku ya mtihani hakumbuki ni methali ipi iliyoungwa mkono na jaribio lipi.

Dawa yangu ilikuwa kubashiri kwa maandishi. Nilisoma namna jaribio lilivyoandaliwa, nikafunika matokeo kwa karatasi, kisha nikaandika nilichodhani kilitokea na kwa asilimia ngapi. Niliandika kwa wino makusudi, kwa sababu penseli hufutika, nasi binadamu ni wepesi wa kudai kwamba tulijua tangu mwanzo.

Chukua jaribio la Leon Festinger na James Carlsmith la mwaka 1959. Wanafunzi walipewa kazi ya kuchosha, ikiwemo kugeuza vigingi ubaoni, kisha baadhi yao wakalipwa dola 1 na wengine dola 20 ili wamwambie mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake kwamba kazi ile inafurahisha. Baadaye wakaulizwa wao wenyewe waliionaje. Niliandika kwamba waliolipwa dola 20 ndio wangeisifu zaidi, na kila niliyemuuliza alijibu hivyo hivyo. Kumbe ni wale wa dola 1! Mwenye dola 20 alikuwa na sababu ya kutosha ya kusema uongo. Mwenye dola 1 hakuwa nayo, hivyo ilimbidi aisogeze fikra yake ilingane na maneno aliyokwisha kuyatamka. Baada ya hapo fasili ya mkinzano wa fikra, yaani ule usumbufu wa kuwa na fikra na matendo yasiyolingana, niliweza kuitunga mwenyewe. Katika majaribio ya utii ya Stanley Milgram, ambapo mshiriki aliamriwa kumpiga mtu mwingine shoti za umeme zinazozidi kupanda (zilikuwa za uongo, ila yeye hakujua), nilibashiri kwamba wangefika mwisho wachache mno, nikafarijika kusoma kwamba hata madaktari wa magonjwa ya akili walidhani ingekuwa kama mtu 1 kati ya 1,000. Katika taarifa yake ya mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 walifika volti 450.

Jambo la pili ni kundi la majadiliano. Wengi hukutana, huongea, hutawanyika, na mmoja hubeba mzigo wa wote. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake waliwataka watu wapige makofi na kelele, wakaona kila mmoja hupunguza juhudi zake kadiri kundi linavyokua. Mtu hutegea zaidi pale mchango wake usipotambulika, kwa hiyo kwetu kila jaribio lilikuwa na mwenyewe, aliyelieleza bila karatasi mkononi. Aidha, sikwenda kwenye kundi kujifunza jambo jipya. Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba kuwepo kwa watu humsaidia mtu katika lile alilolizoea na humvuruga katika lile lililo geni kwake. Basi mapya niliyasoma peke yangu, na ya zamani nikayarudia mbele za watu.

Lakini hila ninayojivunia zaidi ni ile ya mistari. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba washiriki wa Solomon Asch, wale walioanza kuchunguzwa miaka ya 1950 na wengi wao wakalifuata angalau mara moja jibu la kundi kuhusu mstari upi unalingana na mwingine hata lilipokuwa kosa waziwazi, walikuwa watu dhaifu wa nia. Siku aliyochelewa tulichora kadi zetu, kila moja ikiwa na mstari wa kupimia upande mmoja na mistari mitatu ya kulinganisha upande wa pili, tukamwachia kiti cha karibu na mwisho na kumwambia kwamba tunapima uwezo wa macho. Kadi za mwanzo tulijibu sawasawa. Kisha sote tukataja mstari mfupi waziwazi, kwa sauti kavu, bila kutazamana. Akavua miwani, akaifuta, akainamisha kichwa upande, halafu akajibu kwa sauti ya chini: "Wa pili." Akarudia kufuata kwenye kadi mbili zilizofuata. Ndipo mmoja wetu, kama tulivyopanga, akataja jibu sahihi, naye akajinyoosha kitini na kutoa lake kwa sauti kubwa, jambo ambalo Asch alilishuhudia pia: mwenza mmoja tu hudhoofisha sana nguvu ya kundi. Tulimweleza papo hapo, kwani mshiriki ana haki ya kujua alichofanyiwa. Hakutuamini hadi alipoomba rula na kupima mwenyewe.

Kitu ambacho wakariri hawakijui kabisa ni kwamba si kila jaribio maarufu limesimama imara. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jitihada za kurudia tafiti 100 za saikolojia, na zilizotoa matokeo yanayofanana na ya awali zilizidi kidogo tu theluthi moja. Jaribio la gereza la Philip Zimbardo la mwaka 1971, ambamo vijana waliigiza wafungwa na walinzi, nalo limekosolewa kwa sababu walinzi walielekezwa jinsi ya kutenda. Nilitenga safu ya mambo kama haya katika daftari langu, na ilinipatia alama nyingi.

Mtihani ulipofika, swali zito lilihusu mtu aliyeanguka penye watu wengi asisaidiwe. Jirani zangu waliandika fasili. Mimi niliandika jaribio la John Darley na Latané la mwaka 1968, ambapo washiriki walisikia kwa kipaza sauti mtu aliyeonekana kupatwa na kifafa: waliodhani wanasikia peke yao, asilimia 85 walitafuta msaada kabla kifafa hakijaisha, waliodhani yupo msikilizaji mwingine mmoja, asilimia 62, waliodhani wapo wengine wanne, asilimia 31. Kisha nikaeleza jinsi wajibu unavyogawanyika: wasikilizaji wakiwa wengi, kila mmoja hujiona ana wajibu mdogo zaidi wa kusaidia.

Gharama zote zilikuwa daftari, kalamu na karatasi za kufunikia. Daftari lenyewe naliazimisha, kwa sharti kwamba anayeliazima asiufunue ubashiri wangu kabla hajaandika wake.