Punda wa Anayekuchukia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Kutoka 23:1-12, tukae zaidi kwenye mstari wa 5.

Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Kadiri ninavyosoma habari zake, naona tunamwonea. Wataalamu wa vinasaba wamegundua kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, punda mwitu wa Afrika, na kwamba walianza kufugwa upande wetu huu wa mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Huo ndio wakati Sahara ilipoanza kukauka. Malisho na visima vikawa mbali, na ng'ombe hastahimili kiu kama punda. Basi mizigo akatwishwa yeye.

Huko Abydos, Misri, wachimbaji walikuta punda 10 waliozikwa kwenye eneo la mazishi la mfalme, miaka kama 5,000 iliyopita. Ni heshima kubwa kwa mnyama. Lakini mifupa ya migongo na mabega yao ilikuwa imesagika kwa kubeba.

Sasa sikilizeni Torati. Ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo, usimwache. Msaidie mwenye punda kumfungua. Mungu hakusema mpatane kwanza. Ugomvi ni wenu ninyi wawili, punda hayumo, na kamba hiyo haifunguki mpaka mikono yenu ikutane juu ya mgongo wake. Nimekaa sana na jambo hilo, na bado linanichoma. Kisha mstari wa 12, kuhusu siku ya saba: ng'ombe na punda wanatajwa wapumzike kabla hajatajwa mwana wa mjakazi wala mgeni.

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, ambayo huchemshwa China kutengenezea dawa. Namshukuru Mungu kwa hatua hiyo. Kenya punda wengi waliibwa usiku, na mama aliyekuwa akiteka maji kwa punda akabaki kubeba madumu mgongoni mwake.

Tuwaombee waliopoteza punda wao. Nawe unayekodi mkokoteni siku ya soko, mwangalie punda mabegani kama ana vidonda kabla hujaongeza gunia jingine.