Safari ya Interface: kiwanda cha mazulia kilichojihesabu upya

Kila ninaposoma ripoti ya kampuni inayojitangaza kuwa imeanza safari ya kufanya biashara endelevu, natafuta kwanza ukurasa unaozungumzia mitambo. Picha za miche ya miti na za wafanyakazi wanaotabasamu zimo katika ripoti zote, kwa hiyo hazinisaidii kutofautisha kampuni moja na nyingine. Lakini kampuni iliyobadilika kweli huweza kueleza ni mabomba gani yalibadilishwa, ni malighafi gani iliachwa, na ni mpango gani ulijaribiwa ukafeli. Kwa kipimo hicho, mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Interface, kampuni ya Marekani inayotengeneza mazulia ya vipande vya mraba, yale yanayotandikwa hasa katika maofisi na majengo mengine ya biashara.

Ray Anderson aliianzisha mwaka 1973 katika jimbo la Georgia, na kwa miaka zaidi ya 20 hakuna aliyekuwa na sababu ya kuihusisha na utunzaji wa mazingira. Nailoni ya zulia hutokana na mafuta ya petroli, na tabaka la chini linaloshikilia nyuzi nalo ni hivyo hivyo. Viwanda vilitumia nishati nyingi. Na zulia lililochakaa lilibanduliwa na kupelekwa dampo, mahali ambapo nailoni haiozi. Mwaka 1994 baadhi ya wateja walianza kuuliza kampuni inafanya nini kuhusu mazingira, na watu wa mauzo hawakuwa na jibu. Anderson alipoombwa kulihutubia kundi la wafanyakazi lililoundwa kushughulikia suala hilo, kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba kampuni inatii sheria. Kitabu kimoja kuhusu biashara na mazingira kilichofika mezani kwake siku hizo kilimbadilisha mawazo, na katika miaka iliyofuata kampuni ikajiwekea lengo ambalo baadaye liliitwa Mission Zero: ifikapo mwaka 2020, isiwe na madhara yoyote kwa mazingira.

Wasimulizi wengi hukaa sana kwenye kitabu hicho. Mimi naona jambo zito zaidi ni kwamba msukumo wa kwanza ulitoka kwa wanunuzi, wala si kwa serikali, na kwamba lengo lilipewa mwaka wa kufikiwa. Lengo lisilo na mwaka haliwezi kumbana meneja yeyote.

Kazi ilianzia kwenye taka, na hapo kampuni ilifanya jambo la kihasibu lililonivutia kuliko hotuba zote za Anderson. Iliamua kwamba taka si mabaki ya sakafuni pekee. Ni gharama yoyote isiyomwongezea mteja thamani, ikiwemo bidhaa iliyoharibika na kurudiwa, mzigo uliopelekwa kusikostahili, hata ankara iliyokosewa. Baadaye nishati yote itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe ikahesabiwa nayo kuwa taka. Kwa hesabu hiyo, mfanyakazi wa kiwandani na mhasibu wa ofisini walikuwa wakilenga shabaha moja, na mwaka 2009 Anderson alisema kwamba gharama zilizoepukwa zilikuwa zimepita dola milioni 400. Fedha hizo, kwa maelezo yake, ndizo zilizolipia hatua nyingine zote, jambo linalowajibu wale wanaodai kwamba kutunza mazingira ni anasa ya kampuni yenye faida ya kuchezea.

Kisha kuna kisa cha pampu, ambacho ningependa kila mhandisi akijue. Kampuni ilipokuwa ikijiandaa kujenga kiwanda mjini Shanghai mwaka 1997, mchoro wa kwanza ulihitaji pampu 14 zenye jumla ya nguvu za farasi 95 za kusukuma kimiminika cha kupasha joto. Mhandisi wake, Jan Schilham, aliupitia upya na kufanya mabadiliko mawili yasiyohitaji teknolojia yoyote mpya. Alichagua mabomba mapana na pampu ndogo, badala ya mabomba membamba na pampu kubwa, kwa sababu msuguano ndani ya bomba hupungua kwa kasi kubwa kipenyo kinapoongezeka. Halafu akapanga mabomba kwanza na mitambo baadaye, hivi kwamba mabomba yakawa mafupi na yaliyonyooka, ilhali kwa kawaida mitambo huwekwa kwanza, kisha fundi akahangaika kuiunganisha kwa mabomba yenye kona nyingi. Nguvu iliyohitajika ilishuka hadi farasi 7, yaani pungufu kwa zaidi ya asilimia 92, na mfumo mzima ukagharimu fedha kidogo zaidi kuujenga. Mabomba mapana ni ghali, ndiyo, lakini pampu, mota na vifaa vya umeme vinavyoambatana nazo ni ghali zaidi, na aliyechora mara ya kwanza alikuwa amelinganisha bei ya bomba na umeme utakaookolewa bila kutazama bei ya mfumo wote.

Si kila kitu kilifaulu. Mwaka 1995 kampuni ilibuni mpango wa kutouza zulia bali kulikodisha: mteja angelipa kila mwezi, kampuni ingelisafisha, ingebadilisha vipande vilivyochakaa, na mwishowe ingelichukua ili kulirejeleza. Kwenye karatasi mpango huo hauna kasoro, na hadi leo wapenzi wa uchumi wa mzunguko, yaani ule ambao bidhaa iliyochakaa hurudi kuwa malighafi, huusimulia kana kwamba ulishika kasi. Ukweli ni kwamba mikataba iliyopatikana ilikuwa michache mno. Wateja walizoea kununua zulia kwa bajeti ya ujenzi na kulisafisha kwa bajeti ya uendeshaji, na mara nyingi hakuna aliyejua usafi wenyewe unagharimu kiasi gani, kwa hiyo ada ya kila mwezi iliyojumlisha yote ilionekana ghali. Wazo la kimazingira lilikwamishwa na mgawanyo wa mafungu ya fedha ndani ya kampuni za watu wengine.

Ubunifu wa bidhaa ulikwenda vizuri zaidi. Zulia lililotolewa mwaka 2000 kwa jina la Entropy, la mbunifu David Oakey, liliiga sakafu ya msitu, ambako hakuna majani mawili yanayofanana. Vipande vyake vilitandikwa kwa mwelekeo wowote, mabaki yakapungua, na kipande kilichoharibika kikabadilishwa bila kuonekana kiraka. Mwaka 2006 vikafuata vipande vidogo vya plastiki vyenye kunata vinavyoshikanisha pembe za vigae vya zulia, na hivyo gundi ya kumwagwa sakafuni ikawa haihitajiki.

Sehemu ngumu ni malighafi, kwa kuwa madhara mengi ya zulia hutokea kabla nyuzi hazijafika kiwandani. Hapo kampuni ililazimika kuwategemea wengine, akiwemo Aquafil wa Italia, ambaye kiwanda chake cha Slovenia huzalisha nailoni kutokana na nyavu kuukuu na mabaki mengine. Kuanzia mwaka 2012, kwa kushirikiana na Jumuiya ya Zoolojia ya London, nyavu zilizotupwa zilinunuliwa kutoka kwa jamii za wavuvi wa Ufilipino. Mradi huo unastahili sifa, ingawa nadhani picha zake zimesambaa kuliko uzito wake katika tani zote za nailoni.

Mwaka 2019, miaka minane baada ya kifo cha Anderson, kampuni ilitangaza kwamba imetimiza Mission Zero. Ilisema gesi joto kutoka viwanda vyake vya mazulia zilikuwa zimepungua kwa asilimia 96 kulinganisha na mwaka 1996, huku hewa ukaa inayohesabiwa kwa kipande cha zulia ikiwa imepungua kwa asilimia 69. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo linalopaswa kusomwa kwa makini: ya kwanza inahusu yanayotoka ndani ya uzio wa kiwanda tu, na sehemu ya punguzo lake ilitokana na kununua vyeti vya nishati jadidifu, yaani hati za kuthibitisha kwamba nishati safi imezalishwa mahali fulani; ya pili inajumlisha malighafi, na ndiyo maana ni ndogo. Niongeze kwamba mwaka 2020 Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani iliitoza Interface dola milioni 5 kuhusiana na jinsi ilivyoripoti faida kwa kila hisa katika robo kadhaa za mwaka 2015 na 2016, bila kampuni kukiri wala kukanusha, kwa hiyo usafi wa kiwanda na usafi wa vitabu vya hesabu ni mambo mawili tofauti.

Mwaka 2024 kampuni ilisema inaacha kununua mikopo ya kaboni, yaani kulipia miradi ya wengine inayopunguza hewa ukaa ili kufidia ile inayoitoa yenyewe, na badala yake itaelekeza fedha katika kupunguza chanzo chenyewe, ikilenga kufikia mwaka 2040 iwe inaondoa hewa ukaa nyingi kuliko inayozalisha. Safari hii mabomba mapana hayatatosha. Yatakayoamua ni mapishi ya nailoni na ya tabaka la chini la zulia, pamoja na bei ambayo wasambazaji watakubali kuuzia malighafi hizo.