Weusi wa Redon Niliupata kwa Wembe

Miezi minne nilihangaika kuchapa picha ya ndoto, na chanzo ni ushauri mmoja: "Ndoto ni ukungu, fifisha kila kitu." Alinipa mchapaji mzoefu wa karakana ninayokodi huku Ufaransa, nikamwamini. Nikachora chemli inayoning'inia juu ya maji, haina mkono wala kamba, nikaisugua kwa kitambaa hadi kingo zikapotea. Ilipotoka mashineni ilikuwa kijivu kitupu, kama dirisha lililopigwa vumbi.

Nilikasirika, nikarudi kwa mchoraji Mfaransa, Odilon Redon. Huyu alizaliwa Bordeaux mwaka 1840, na kwa miaka mingi alikaa na mkaa na litografia, yaani uchapaji wa picha kwa jiwe, rangi akaziweka kando. Katika albamu yake ya picha ya 1882, À Edgar Poe, kuna jicho kubwa lililogeuka puto, linapaa juu ya bahari limebeba kichwa kwenye sahani. Nililiangalia kwa lenzi. Kope zimechorwa moja moja! Kila kitu unakiona, ila hakuna anayekwambia kimefikaje pale. Hapo ndipo moyo unapokwenda mbio.

Litografia inategemea ugomvi wa mafuta na maji: unachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unapaka gundi ya mgunga yenye asidi kidogo, unalowesha, na wino unashika palipochorwa tu. Safari ya pili nilichora kwa usafi, lakini nikaacha jiwe likauke huku napitisha roli ya wino. Sekunde chache tu, bahari yangu yote ikawa lami. Na pembeni kikajitokeza kiganja changu kizima, mistari yote, kwa kuwa jana yake nililiegemea jiwe kwa mkono mtupu. Mkono nao una mafuta yake. Siku hizi naegemea ubao, na sponji haikai mbali.

Safari ya tatu ndiyo ninayojivunia. Nilipaka jiwe zima weusi, kona hadi kona, kisha nikautoa mwanga kwa wembe. Redon naye mara nyingi alianzia kwenye karatasi ya kuhamishia mchoro, akamalizia juu ya jiwe, akiongeza na kukwangua. Kioo cha chemli kilinila jioni nzima: utambi kwa ncha ya sindano, halafu wembe ukilazwa ubavu, taratibu mno, kwani jiwe likichimbika hapo hapachoreki tena. Majini niligusa mara tatu tu. Weusi uliobaki ni mzito kama masizi ya chungu, na taa inawaka ndani yake.

Jiwe, mashine na karatasi vilifika euro 200 na ushee. Nakala 12 zimetoka, nazo zinanitosha. Albamu ya kwanza ya Redon, Dans le Rêve ya 1879, ilichapwa nakala 25. Jiwe limeshasagwa uso, mchoro umefutika. Ile yenye kiganja nimeibandika juu ya meza yangu: kiganja kimetoka wazi kuliko chochote nilichokuwa nimechora hadi siku ile.