Alama za polinomia zilipokataa kupishana

Tulikuwa tunahakiki programu ya kutafuta mizizi ya polinomia, yaani thamani za x zinazoifanya iwe sifuri, na kipimo tulichochagua ni polinomia ya Wilkinson: (x−1)(x−2) na kuendelea hadi (x−20). Mizizi yake inajulikana kabla hujagusa kibodi, na ndiyo maana naipenda.

Mabano tuliyazidisha kwa np.convolve ya NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, tukitumia safu za namba kamili. Mizizi ikatoka ovyo. Mwenzangu akaanza kuichunguza np.roots, amri ya NumPy inayotafuta mizizi; mimi nikaomba kwanza tuvione vizigeu, yaani namba zinazozidisha vipeo vya x. Mizizi ikiwa chanya yote, alama za vizigeu sharti zipishane, chanya kisha hasi. Zilipishana vizuri kutoka x²⁰ hadi x⁴, kisha x³ ikaja na chanya, na x² ikaja na −4642984320068847616. Thamani yake halisi ni 13803759753640704000, ilhali namba kamili ya biti 64 hukomea 9223372036854775807. Ikipita hapo huzunguka na kuingia upande wa hasi, na hakuna onyo lolote linalotolewa. Huo ukimya ndio hatari yenyewe.

Kwenye safu tuliweka aina ya data dtype=object, hesabu ikafanywa na namba kamili za Python zisizo na kikomo hicho, vizigeu vikanyooka. Mizizi bado haikunyooka: karibu na 15 ilipotoka kwenye desimali ya pili. np.roots hugeuza kila kizigeu kuwa desimali ya biti 64, na kile cha x⁷, −311333643161390640, hakienei humo. Huhifadhiwa kama −311333643161390656. Polinomia hii haivumilii hata kidogo hicho. Wilkinson, mwanahisabati ambaye polinomia hii ina jina lake, alionyesha kwamba ukipunguza 2⁻²³ tu kwenye −210 ya x¹⁹, mizizi kumi, 10 hadi 19, hugeuka jozi tano za namba changamano, zenye kipeuo cha pili cha −1 ndani yake.

Hapo tukahamia mpmath, maktaba ya Python inayohesabu kwa tarakimu nyingi upendavyo: mp.dps = 50, yaani tarakimu 50, kisha polyroots, kitafuta mizizi chake, yenye maxsteps=200 (kikomo cha hatua) na extraprec=200 (biti za ziada za usahihi), maana kwa mizizi iliyosongamana hivi hatua 50 za kawaida zinaweza zisitoshe. Vizigeu vilipelekwa vikiwa namba kamili. Ukivipitisha kwanza kwenye desimali, tarakimu zilizopotea hazirudi.

Kabla ya kufunga kazi tulikagua pia mpangilio wa vizigeu. np.roots huanza na kipeo cha juu, Polynomial ya numpy.polynomial huanza na namba isiyo na x. Ukichanganya mipangilio hiyo miwili hupati ujumbe wa kosa, unapata 1, 1/2, 1/3 hadi 1/20.