Perege walijaa shahamu, kumbe kisa ni chicha la nazi

Perege wangu hapa Chake Chake walikuwa wakila vizuri lakini minofu haiji. Nikampasua mmoja: tumbo zima shahamu ya manjano, hata utumbo hauonekani.

Nilikuwa nimeachana na vumbi la dagaa (ghali, halafu nusu yake mchanga) nikawapa funza wa nzi askari mweusi (ninaowafuga kwa mabaki ya chakula) watupu. Nikamlaumu funza bure. Akikaushwa, protini yake ni kiasi cha asilimia 40, na mafuta yanaweza kufika 30 au kuzidi, ila mafuta hufuata anachokula. Nami nilikuwa nikimmiminia chicha la nazi, ndoo kwa ndoo.

Chicha nikalipunguza. Nikaweka pumba, maganda ya ndizi na matumbo ya samaki ninayookota dikoni jioni. Hayo matumbo ndiyo yaliyonifaa hasa: funza kwa kawaida hana omega-3 (yale mafuta mazuri ya samaki) ya kutajika, lakini akila mabaki ya samaki huipata.

Navuna kabla hawajawa weusi, maana ngozi ikikomaa samaki haimeng'enyi vyema. Nawachovya maji ya moto, nawaanika mpaka wavunjike vidoleni, nawatwanga kinuni. (Mke wangu alidai kinu kipya cha kwake. Nimemnunulia.) Katika vibaba vinne vya chakula, kimoja tu funza, vilivyobaki pumba, mashudu na dagaa kidogo.

Baada ya miezi miwili nikapasua mwengine. Shahamu imebaki uzi mwembamba, na mnofu umejaa mgongoni.